Kifungu cha Saba

Karatasi ina kurasa kumi na moja
na mhuri wa buluu uliokwenda upande.
Bi Thuraya wa ofisi ya ufadhili
ananisomea kwa Kiarabu, kidole chini ya mstari,
kisha anatazama mlango, anauona umefungwa,
anageuza ulimi:
"Sikiza mwanangu, hapa wamesema hivi."
Kiswahili cha Wete, cha bibi yake,
kimekaa kabatini miaka, kinanuka ubani,
na bado kinamkaa.

Saa ishirini kwa wiki, si zaidi.
Wastani usishuke chini ya tatu.
Ukizaa, muhula mmoja. Ukifiwa, siku tatu,
na aliyekufa awe mzazi, ndugu, mume au mtoto.
Shangazi aliyenilea hayumo;
nimemtafuta kurasa zote kumi na moja.
Posho huingia tarehe ishirini na tano
au baada ya hapo.
Na kifungu cha saba:
msaidizi hatafanya kazi nyingine yoyote ya malipo.

Nikatia saini kwa kalamu yake.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
langu ni wino mwekundu na ripoti mia na ishirini
za wanafunzi wa mwaka wa kwanza
waliopima chumvi kwenye maji ya falaji,
wote jibu moja, wote kosa moja,
hata nukta imeteleza pale pale.

Hapa Nizwa mgawa maji ana daftari lake.
Fulani nusu saa. Fulani robo.
Mjane wa fulani nusu saa, kila siku ya nane.
Jiwe na kitambaa vinaziba huku, vinafungua kule,
maji yanageuka kwenye mitende ya mwingine.
Hakuna anayepewa falaji, mtu hupewa saa.
Nami sikupewa chuo.
Ila mtende hauulizwi
jana ulikunywa wapi.

Makame aliulizwa.
Aliuza vifuniko vya simu Ijumaa mbili, kule Firq,
mtu akampiga picha.
Akaondoka na sura tatu na nusu za tasnifu
juu ya kuta za udongo na mvua,
na ile nusu, aliniambia, ndiyo iliyokuwa nzuri.

Sasa mwenye nyumba wangu, Bi Shinuna,
ana bati la biskuti lililojaa barua
za dada yake wa Machomanne.
Kusema anasema, herufi hizi hazijui.
Kila Alhamisi baada ya Isha namsomea moja,
naye ananikunjia rial tano kiganjani.
"Chukua. Koo iliyosoma haiendi kavu."
Nikamrudishia.
Akanitazama kama niliyemtemea chai.
"Zangu zina najisi?"

Nikarudi ofisini. Mlango ulikuwa wazi,
na Bi Thuraya akajibu kwa Kiarabu, bila kuinua uso:
malipo ni malipo.
Nilikuwa nimefika ngazini niliposikia viatu vyake.
"Kodi yako ngapi?"
"Sitini."
"Mtu akimpunguzia mpangaji wake,
hiyo kazi? Mimi sijui. Nauliza tu."
Akarudi juu, huku anahema.

Bi Shinuna hakupenda. Kupunguza si kutoa, alisema,
mkono haujisikii. Lakini akaandika stakabadhi, arobaini,
na akaongeza mkate wa mofa
ambao hakuna kifungu kinachoutaja.

Fomu yangu ya wiki inasema ishirini.
Ile saa ya Alhamisi haimo.
Inapita pembeni, kama maji yavujayo kizibo cha jiwe,
na mgawa maji anaona,
anainama kufunga kiatu kisicho kamba.

Leo tarehe ishirini na saba.
Posho haijaingia.